Meli Uliyoapa Hutoipanda

Ruqaya, mwanangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na bibi yako, kwenda Qantab kumuaga shangazi yako. Nimebaki mimi na mashine ya kufulia. Nilikuwa nimeshatia nguo zako za mwisho na imeanza kuzunguka, nikaizima. Nilikumbuka ulivyotusimulia habari za wanawake wa zamani wa ule mji wa bandari unaokwenda. Siku waume zao walipoondoka kwenda kuvua kwenye bahari ya barafu, hawakufua nguo, wasije wakawafua na waume zao, wakachukuliwa na maji. Wala hawakwenda gatini kuwapungia mikono. Walibaki majumbani na mlango umefungwa. Bibi yako alicheka siku ile, akasema, "Kumbe na wazungu nao wana mambo!"

Siku yako ni kesho, si leo, na mimi si mwanamke wa huko. Lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye swichi, kama mkono wa mtu mwengine, na nguo zako zimo humo zimelowa nusu. Nimekaa hapa mezani naziangalia kupitia kile kioo cha mviringo. Sioni huzuni. Sioni furaha. Naona soksi.

Sitokuandikia habari ya kula, ya kusali, ya kupiga simu, wala ya watu wa kuwaamini na wa kuwaepuka. Hayo bibi yako ameyasema, na kesho njiani atayasema tena, na wewe utaitikia kila moja. Unajua kwamba mimi naandika polepole. Darasa letu la jioni, sisi wanawake wazima tuliorudi skuli na miwani yetu, bado tunasahihishiwa nukta na mikato kama watoto. Lakini ustadha Badriya ametufundisha jambo moja nililolipenda: ukiandika barua usimzungushe msomaji kama mtu anayetafuta pa kuegesha gari. Sema jambo lako.

Jambo langu ni kile kiapo.

Nataka nikikumbuke pamoja nawe, kwa sababu tangu siku ile hatujakitaja. Ilikuwa Ijumaa, tumemaliza wali wa mchana, sahani bado ziko chini kwenye sufra. Uliingia na simu mkononi, uso wako umewaka.

"Mama, watu wa ile meli ya mvuke wamenijibu. Sitokaa karakana tu. Wakiitoa meli kwenda kaskazini na mimi nimo. Chini, kwenye moto."

"Kaskazini wapi? Si ndiko huko huko unakokwenda kusoma?"

"Juu zaidi, Mama. Walikokuwa wakienda zamani kuvua."

Bibi yako akainua uso. "Juu zaidi ya huko? Kuna nini tena huko juu?"

"Barafu, Bibi."

"Barafu si tunayo kwenye friji?"

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Mimi nilinyanyuka, nikakosha mikono, nikatia udhu, nikauteremsha msahafu wa marehemu baba yako kutoka juu ya kabati. Nakumbuka nilikuwa mtulivu kabisa. Nilikuwekea mbele yako nikakwambia uape. Meli ikiwa imefungwa kamba gatini, ifanyie kazi utakavyo, ipake rangi, iwashie moto. Ikifungua kamba, wewe uwe umesimama nchi kavu.

"Mama, unajua nimengoja nafasi hii miaka."

"Najua. Apa."

Bibi yako akasema, "Salma, msahafu si kamba ya kumfungia mtoto. Nnakwambia mie mamako."

"Mama, tafadhali," nikamwambia.

Ukaniangalia. Nilidhani utabishana, maana wewe ni mbishi tangu ulipoanza kusema. Hukubishana. Uliweka mkono, ukasema, "Wallahi sitoipanda ikitoka bandarini." Kisha ukakusanya sahani ukaenda nazo jikoni. Nikasikia maji yanafunguliwa. Nikajiambia, khalas, limekwisha.

Halikwisha, Ruqaya. Ndiyo maana naandika.

Nadhani unajua kwamba mapenzi yako kwa ile meli hayakuanza na meli. Yalianza Rusayl, kwenye chumba cha boila cha kiwanda cha makopo, siku baba yako alipokuchukua umuone kazini. Watu walidhani kazi yake ni kuwasha na kuzima. Yeye alikuwa akisema mvuke wa kweli hauonekani. Lile wingu jeupe tunaloliita mvuke ni maji yaliyokwisha poa, yamesharudi kuwa maji. Wenyewe, ule wenye nguvu, ukivuja kwenye bomba huuoni kabisa, na ukipita mbele yake unakukata mkono. Kwa hivyo wanaojua hutembea taratibu na fagio mbele yao, wakilipitisha kando ya mabomba. Fagio likianza kuchanika, ndipo panapovuja.

Ulirudi nyumbani siku ile ukashika fagio. Ulizunguka nyumba nzima ukilinyoosha mbele yako, chumba kwa chumba, mpaka ukampiga nalo bibi yako aliyekuwa amelala.

"Natafuta mvuke, Bibi!"

"Mvuke gani? Huu ni mguu wangu, mwana we!"

Baba yako alicheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nakaanga samaki, nikakwambieni msiniletee vumbi. Sasa natamani ningeacha samaki waungue.

Alipofariki ulikuwa skuli ya sekondari. Hakufa kwa moto wala kwa mvuke. Alijilaza baada ya chakula cha mchana, akasema ananiomba maji ya baridi, na nilipoyaleta hakuyahitaji. Wewe hukulia mbele za watu. Baada ya muda ulikwenda chuo ukasomea boila, msichana peke yako katika darasa la wavulana, na huko ndiko ulikoipata ile meli kwenye simu yako. Meli ya zamani ya uvuvi, ya mvuke, dohani lake jembamba na refu, watu wa huko wanaifufua mpaka iende tena kwa moto wa makaa ya mawe kama ilivyozaliwa. Ulichapisha picha zake ukazibandika ukuta wa jikoni, kati ya kalenda na dirisha. Mimi nimejifunza meli ile huku nakata vitunguu.

Sijui kama unajua ni kiasi gani nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nikiitikia "ee, ee" na wewe ukidhani akili yangu imo sufuriani. Lakini najua kwamba wakati wa kwenda walijaza makaa hata pale pa kuweka samaki, na kadiri walivyoyachoma ndivyo nafasi ya samaki ilivyopatikana. Najua wavu wao ulikokotwa chini ya bahari kwa kamba za chuma, ukafunguliwa mdomo kwa mbao mbili nzito kama milango, na winchi ya mvuke ndiyo iliyouvuta juu, mchana na usiku, bila kungoja mtu ashibe usingizi. Samaki wakimwagwa staha nzima, wanaume wakasimama ndani yao mpaka magotini, hawana paa, hawana ukuta, kila mmoja na kisu chake, wanapasua na kutupa, wanapasua na kutupa. Maini walikuwa hawatupi. Yalikwenda nyuma kuchemshwa yatolewe mafuta, na harufu yake ikakaa kwenye nguo zao mpaka wake zao wakazijua nguo hizo gizani.

Na najua habari ya barafu. Ulitueleza kwamba bahari ikirusha maji juu, hayarudi chini. Yanaganda kwenye kamba, kwenye mlingoti, kwenye dohani, mpaka kamba nyembamba inakuwa nene kama paja. Meli inakuwa nzito kichwani. Hapo nahodha huwatoa wote, mpishi na mtu wa moto pia, wapande na mashoka na nyundo wakaivunje, kwa sababu wasipoivunja meli inajilaza ubavu na hairudi tena.

"Na mtu wa moto," nilikuuliza siku ile, "yule wa chini, anatoka kwenye joto lile na jasho lake anaingia kwenye barafu?"

"Ndiyo, Mama. Anatoka na fulana."

Ulilisema kwa fahari. Mimi kisu kilisimama juu ya kitunguu. Tangu siku hiyo, kila nilipoiona picha ya meli ukutani, nilimuona mtu aliyevaa fulana.

Uliniambia mambo yamebadilika. Meli haiendi tena kuvua. Itakwenda wakati wa kiangazi, na vyombo vya kisasa, na wakaguzi, na maboti ya kuokolea watu. Najua. Khofu yangu haikuhitaji majira ya baridi. Ilijitosheleza.

Sasa nataka nikwambie kitu ambacho sijakusimulia vizuri. Umeuliza mara nyingi habari ya vidole vyangu viwili hivi vya mkono wa kulia vyenye ngozi inayong'aa, na kila mara nimekujibu, "Ni mambo ya kazini." Ni kweli ni mambo ya kazini, lakini nilikuficha namna yalivyotokea kwa sababu yalikuwa ya kipumbavu.

Miaka ya mwanzo pale stoo ya friza ninapofanya kazi, nilikuwa naona aibu kuonekana mgeni wa baridi. Wenzangu wengine walishazoea. Kazi yetu ilikuwa kupanga maboksi ya nguru na ngisi na kubandika karatasi za majina, na zile glavu nene hazishiki karatasi. Unavua, unabandika, unavaa. Mimi nikaanza kuvua na kuchelewa kuvaa. Mwanzo vidole viliuma sana, maumivu ya kukufanya utake kumpiga mtu. Halafu siku moja havikuuma tena. Nilifurahi, mwanangu. Nilikwenda kwenye chumba cha mapumziko kama mtu aliyefaulu mtihani.

Alikuwepo Neema, yule mwenzangu wa Mwanza aliyekuwa akikuletea karanga. Nikamwambia, "Mwenzio leo nimeshaizoea baridi. Haiumi tena."

Akaniangalia mikono. "Haiumi kabisa?"

"Hata kidogo."

"Dada, hujazoea. Umekufa ganzi. Hebu lete hivyo vidole."

"Wacha wivu wako," nikamwambia, tukacheka.

Pale palikuwa na lile dumu kubwa la chai, la umeme, la chuma tupu. Nikaweka vidole vyangu ubavuni mwake nivipashe moto, huku naendelea kumtania. Aliyeanza kusikia harufu ni Neema. Alinivuta mkono kwa nguvu mpaka kiti changu kikaanguka.

"Jamani, Mama Ruqaya! Unaungua! Husikii?"

Nilikuwa sisikii. Niliviangalia vidole vyangu vimegeuka vyeupe na vyekundu, na nilikuwa bado nina tabasamu la ule utani mdomoni. Maumivu yalikuja baadaye, nikiwa ndani ya basi la kazi, na yalipokuja nilidhani nitapiga kelele. Neema alikaa karibu yangu njia nzima. Aliniambia, "Lia. Ukilia ina maana vimepona." Nililia mbele ya wanaume waliokuwa wamelala kwa uchovu, na hakuna aliyeamka.

Ukiwa huko, mikono yako ikiuma, shukuru. Ikiacha kuuma, hapo ndipo utafute mtu haraka. Hilo ndilo nilijualo kuhusu baridi, na ninalijua vizuri. Ulitusimulia kwamba wale wavuvi walikuwa wakizichovya glavu zao za sufu kwenye maji ya bahari kabla ya kuzivaa, na bibi yako akasema umetudanganya, nani anavaa glavu ya maji penye barafu. Mimi nilikuamini. Watu wanaoishi na kitu ndio wanaojua namna ya kukaa nacho. Lile koti la friza nililokuletea kutoka kazini, uliloniambia ni la baridi kavu na huko ni baridi ya maji, sikukasirika ulipolirudisha. Nilijifanya nimekasirika.

Lakini sikusudii mikono tu.

Baba yako alipofariki, wanawake walikuja kunipa pole na wote walisema neno moja. Salma ana subira. Nilikaa eda yangu, nikapokea watu, nikagawa kahawa na halua, nikajibu "alhamdulillah" kwa kila aliyeniuliza. Sikulia sana. Walinisifu mpaka na mimi nikaamini. Nilirudi kazini, nikarudi nyumbani, nikapika, nikakuuliza umesoma nini, nikasikia jibu na sikulisikia. Ulileta cheti chako cha chuo na nikasema "mashallah" nikaendelea kukunja kanga. Uliona. Nilikuona umeona. Sikuweza kufanya kitu kingine, kwa sababu sikuwa na kitu ndani cha kukifanyia.

Haikuwa subira ile. Subira inauma, na mtu anakaa nayo. Mimi sikuwa naumwa popote. Nilikuwa nimeshikilia chuma cha moto huku nacheka na watu, na hakukuwa na mtu wa kunusa.

Kisha siku ile ya Ijumaa ukaniambia unakwenda chini, kwenye moto, kaskazini. Na kikaniuma. Baada ya miaka yote ile, kitu kikaniuma hapa katikati ya kifua, waziwazi, kama vidole ndani ya basi. Badala ya kukaa nacho nikatia udhu nikachukua msahafu. Nilimuapisha mtoto ili nisiumwe. Ndilo kosa lenyewe, na si la zamani hata kidogo. Lina umri wa kalenda iliyopo ukutani.

Na tazama lilivyokufanya wewe.

Siku ya pili nilipoingia jikoni ukuta ulikuwa mtupu. Picha zote umezibandua, na umesafisha hata alama za gundi. Nilikuuliza, ukasema, "Zilikuwa zinakusanya mafuta, Mama." Tangu siku hiyo umekuwa mtoto mwema kupita kiasi. Nikikwambia tuvae hivi, sawa Mama. Tule hiki, sawa Mama. Hukubishana na bibi yako hata alipokwambia kwamba meli ya mvuke na birika ni kitu kimoja, na mimi nilikuwa nangojea kwa hamu umkamate kwa hilo. Ulisema, "Labda, Bibi." Bibi yako akaniangalia juu ya kichwa chako. Baadaye akaniambia chumbani, "Mtoto huyu amepoa. Umempoza wewe. Nnamuona kama chai iliyosahauliwa."

Nilimjibu kwamba ametulia, amekuwa mkubwa. Ndivyo walivyokuwa wakisema juu yangu.

Juzi nilikupitia chumbani ukiwa unapanga sanduku. Ulikuwa unakunja ile ovaroli ya buluu ya baba yako uliyoipunguza mikono. Uliikunja vizuri, ukaiangalia, ukairudisha kabatini, ukafunga mlango wa kabati. Uso wako haukuwa na kitu. Niliujua uso ule. Nimeuona kwenye kioo miaka mingi wakati nafunga mtandio wa kwenda kazini. Nilitaka kuingia nikaseme neno, miguu ikanipeleka jikoni.

Jana jioni nilikwenda darasani. Mwisho wa somo ustadha Badriya huacha muda wa maswali ya dini, na kwa kawaida wanaouliza ni wale wale, mimi huandika tu. Jana niliinua mkono.

Nikauliza, "Ustadha, mtu akimuapisha mwanawe aache jambo la halali, kisha mzazi akaona alikosea, mtoto anafungwa na kile kiapo maisha?"

Darasa zima liligeuka. Mama mmoja wa nyuma, yule mcheshi anayeuza mandazi, akasema kwa sauti, "Salma, umemuapisha nani asiolewe?" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, na nilipocheka machozi yakanitoka.

Ustadha aliweka chaki chini. Akasema kiapo ni cha yule aliyeapa, si cha aliyemuapisha. Lakini mwenye kuapa akiona jambo jengine ni bora kuliko alilolishikilia, na afanye lililo bora, akatoe kafara kwa kiapo chake. Alinieleza kafara yenyewe, kuwalisha maskini kumi chakula cha wastani, kile unacholisha watu wa nyumba yako, na kwamba inaweza kutangulia hata kabla kiapo hakijavunjwa. Nikamuuliza kama mama anaweza kumlishia mwanawe. Akasema anaweza, ikiwa mtoto amempa idhini, kwa sababu ni deni lake yeye, na mtu halipiwi deni la ibada kimya kimya bila kujua. Akasema tena, "Nenda kaulize na wengine waliosoma zaidi yangu, Salma." Nikauliza. Leo asubuhi nilimpigia mke wa imamu wetu hapa Ansab, akamuuliza mumewe nikisikia, jibu likawa lile lile.

Sikwambii upande. Nataka ulielewe hilo vizuri, ulisome mara mbili. Sikutoi kwenye kiapo kimoja ili nikutie kwenye chengine. Huenda ukifika huko ukaiona meli yenyewe, ukaiona bahari yenyewe, ukasema nafsi yangu haitaki, nabaki gatini. Baki, na usione haya mbele yangu wala mbele ya yeyote. Huenda ukashuka chini na beleshi lako, ukatia makaa, ukatoka juu kuangalia hiyo barafu ya bibi yako. Litakaloamua liwe jicho lako na akili yako, na kuuma kwako mwenyewe kama kutauma. Lisiwe mimi na khofu yangu humu jikoni Ansab.

Nitaogopa. Sina namna ya kulizunguka hilo. Nitaogopa kila siku itakapokuwa nje ya bandari, na kazini nitabandika kwenye maboksi majina yasiyo yake. Lakini leo, nikiandika mstari huu, kinaniuma pale pale katikati ya kifua, na naona bora kinavyoniuma kuliko mkono wangu ulivyokuwa mgeni pale kwenye swichi.

Jambo la mwisho, na si ushauri.

Nyuma ya msikiti wa kule Rusayl kuna wanaume wa kampuni iliyofungwa, wanangojea karatasi zao za kurudi kwao, na hawana kitu. Nimekwenda leo mchana kuwaona. Nimeongea na mkubwa wao, mzee wa makamo, mpole. Nimemwambia kesho kabla ya adhuhuri nitaleta chakula cha watu kumi, na pengine zaidi kidogo. Akaniuliza, "Ni sadaka, mama?" Nikamwambia si sadaka, ni kafara, na si yangu, ni ya binti yangu. Akasema, "Basi binti yako akuruhusu kwanza." Hata yeye anajua.

Ndege yako ni ya jioni, kwa hivyo wakati upo. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Ukishaisoma, hata ikiwa hutaki kuzungumza, hata ikiwa bado umenikasirikia, na una haki, nenda kwenye kabati ukachukue ile ovaroli uitie sandukuni au uiache, hiyo ni shauri yako. Halafu kesho alfajiri njoo jikoni. Simama mlangoni tu. Sema, "Mama, nimekuwakilisha." Neno hilo tu, nijue umenipa idhini ya kukulishia, sikuulizi jengine. Usiposema, nitakipeleka chakula kile kile kiwe sadaka ya safari yako, na kiapo kitabaki chako, na sitokulaumu.

Mchele nimeshauchagua. Nyama imo kwenye viungo tangu asubuhi. Nitakuwa nimesimama mbele ya jiko sijaliwasha, nakungojea wewe.

Mamako,
Salma